Usiandike Kosa kwa Miguu Yako

Nawaandikia, wadogo zangu, kutoka Isikizya, makao makuu ya wilaya yetu ya Uyui, nimekaa uani na ungo wa matobolwa miguuni, na moyo wangu hautulii. Tangu jana usiku nimesoma mara tatu ujumbe wa kijana mmoja. Sitataja kijiji chake wala ofisi anayoripoti, maana fedheha aliyoipata inamtosha. Lakini nitamjibu hapa mbele yenu wote, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wapo wengi kati yenu mnaolala na jiwe hilohilo kifuani.

Kijana anasema hivi. Mwaka jana alikamatwa na magunia ya mkaa bila kibali. Akakiri, hakimu akamhurumia, badala ya gereza akampa probesheni ya miezi 18. Miezi 10 ameshaimaliza. Wiki hii afisa wake kampigia simu: "Umevunja masharti. Mara mbili hukuja kuripoti, na umeonekana kilabuni. Jumatatu uje, nakurudisha kwa hakimu." Simu ikakatwa. Yeye anaapa kwamba alikwenda siku zote, ila siku moja alikuta mlango umefungwa akarudi nyumbani. Kilabuni aliingia kumtoa baba yake mdogo aliyekuwa amelewa, hakugusa hata kikombe. Mwisho wa ujumbe kaandika: Dada, mjomba wangu yuko Kaliua, analima tumbaku. Niende nikakae huko mpaka mambo yapoe?

Hapana, mdogo wangu. Hapana. Kama umeshafunga kibegi, kifungue sasa hivi ndipo tuendelee kuzungumza.

Najua kwa nini miguu inakuwasha. Ukisikia neno "hakimu" tumbo linakata, usiku hulali, kila pikipiki inayopita nje unadhani imekuja kukuchukua. Mkeo anakuuliza una nini, unamjibu ovyo. Mama anakutazama bila kusema, na kule kunyamaza kwake kunakuuma kuliko maneno. Mtu akiwa katika hali hiyo huona kuondoka ni kupumua. Sikulaumu kwa kuwaza hivyo. Nakulaumu ukitenda.

Sikiliza nikwambie kitu ambacho wengi wenu hamkijui. Neno la afisa probesheni, hata akilisema kwa ukali kiasi gani, bado ni tuhuma. Yeye hana mamlaka ya kukufunga. Hakukupa ile amri na hawezi kuifuta. Aliyekupa ni mahakama, na mahakama ndiyo peke yake inayoweza kusema umeivunja, tena baada ya kuletewa ushahidi na kukusikiliza wewe. Sheria ya probesheni, ile Sura ya 247, inataka uvunjaji huo wa masharti uthibitishwe mbele ya mahakama. Afisa anapeleka taarifa, wewe unaitwa, unasomewa unachodaiwa, unajibu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba simu ya dakika moja ni hukumu.

Na Katiba yetu ya 1977 ipo nyuma yako. Ibara ya 13, ibara ndogo ya 6, inasema mtu ana haki ya kusikilizwa kikamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa, na ana haki ya kukata rufaa. Inasema pia kwamba anayeshtakiwa kwa kosa la jinai asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Kuwa kwenye kifungo cha nje hakukutoi ndani ya Katiba, mdogo wangu. Ulikosa mara moja, ukakiri, unalipa. Hukuuza utu wako pamoja na ule mkaa.

Lakini sasa angalia. Siku utakayopanda basi kwenda Kaliua, kila kitu kinabadilika. Afisa hatahitaji tena kuthibitisha kwamba hukuja mara mbili, wala kumtafuta aliyekuona kilabuni. Atasimama mbele ya hakimu aseme: nilimwita, hakuja, hayupo nyumbani, simu haipatikani. Na hayo yatakuwa kweli. Umehama bila kumjulisha, umeacha kuripoti, umekimbia wito. Makosa matatu uliyoyaandika mwenyewe, kwa miguu yako, kwenye faili lililokuwa halina ushahidi. Hakimu atatoa hati ya kukamatwa, na hati haiozi. Itakungoja mpaka siku utakayosimamishwa barabarani kwa jambo dogo tu, au utakaporudi msibani kumzika mtu wako. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Nina mdogo wangu wa tumbo moja. Miaka mingi imepita, na ofisi yenyewe sitaitaja, wala haikuwa hapa. Aliambiwa hajafika wiki tatu mfululizo kufanya kazi ya jamii aliyopangiwa, ya kufyeka nyasi kwenye zahanati. Alikuwa amefika. Nilijua amefika, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimfulia suruali ile yenye rangi ya majani magotini. Muuguzi alimwona, mlinzi alimwona, wagonjwa walimwona. Kilichotokea ni kwamba aliyekuwa akisimamia daftari la mahudhurio alikwenda likizo, na aliyeshika nafasi yake hakuandika kitu. Wiki tatu nyeupe kwenye karatasi. Basi. Jambo ambalo muuguzi mmoja angelimaliza kwa sentensi mbili.

Yeye akakimbia. Akaenda kwenye mashamba ya tumbaku, akalala kwenye kibanda kando ya bani la kukaushia tumbaku, akala ugali wa kuazima miezi saba. Mama yetu aliugua akiwa huko na hakuweza kuja. Alipokamatwa na kupelekwa mahakamani, muuguzi alikuwa ameshahamishwa, mlinzi hakukumbuka tarehe, na hakimu akauliza swali moja tu: kama ulikuwa na ukweli, kwa nini ulitoroka? Hakuwa na jibu. Alimaliza kifungo chake ndani. Alipotoka alinikuta nimezeeka kuliko miezi aliyokaa.

Ndiyo maana sauti yangu imepanda leo. Mnisamehe.

Hii nchi yetu iko kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tura hadi Unyanyembe, kisha Ujiji. Babu zetu walibeba mizigo kwenye njia hiyo, na Mnyamwezi alisifika pwani nzima kwa bega lake. Wazungu waliopita hapa, Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, waliandika vitabu vilivyojaa malalamiko kuhusu wapagazi waliotoroka. Mimi nikisoma habari zile huwa nawaza: yule mtu aliyetua mzigo porini usiku, huenda alikuwa anaumwa. Huenda alinyimwa posho. Huenda alipigwa. Hatujui, kwa sababu hakubaki kusema, na kitabu kikaandikwa na mwenzake aliyebaki. Jina lake halimo. Limebaki neno moja tu: mtoro. Na wewe ukienda Kaliua, kitabu chako kitaandikwa na mwingine.

Haya, tuseme umefungua kibegi. Sasa kaa chini tutafute karatasi.

Kwanza ile amri ya mahakama. Iko wapi? Wengi wenu mkiulizwa mnasema "nilipewa kifungo cha nje," mkiulizwa kipi hamjui. Kuna probesheni, ambayo unakaa nyumbani chini ya uangalizi wa afisa, na haizidi miaka mitatu. Kuna huduma kwa jamii, chini ya sheria ya mwaka 2002, ambayo unafanya kazi bila malipo kwenye shule, zahanati au ofisi ya umma badala ya kufungwa. Na kuna kuachiliwa kwa masharti chini ya kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu, ambapo unatakiwa usitende kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Kila moja ina masharti yake. Utajiteteaje kwenye masharti usiyoyajua? Nenda kwa karani wa mahakama uombe nakala ya amri yako. Isome neno kwa neno, na kama kusoma kunakusumbua, mpe mtu unayemwamini akusomee polepole.

Mdogo wangu wa mkaa, usome yako kwa makini pale panapohusu pombe. Imeandikwa usinywe? Imeandikwa usiingie kilabuni? Au haijasema lolote? Maana kupita mlangoni kumwinua baba mdogo si sawa na kunywa, na kunywa kwenyewe si kuvunja sharti kama sharti halipo. Simwambii mtu anywe, Mungu apishe mbali, nimeona pombe ilivyomaliza nyumba. Nasema tu kwamba mashtaka yanapimwa kwa maneno ya amri, hayapimwi kwa macho ya majirani.

Kisha tafuta kila kitu kinachoonyesha ulikuwa wapi siku zile mbili. Hapa ndipo wengi mnaniangusha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na uhuru ni mali kubwa kuliko ng'ombe. Siku uliyokuta mlango umefungwa, ulikwenda kwa bodaboda? Ulimlipa kwa simu? Ujumbe wa muamala bado upo, una tarehe na saa. Usiufute. Ulimpigia afisa ukiwa pale mlangoni? Orodha ya simu inaonyesha. Uliongea na mama anayeuza maandazi ng'ambo ya barabara? Yule ni shahidi. Kilabuni ulikuwa na nani? Baba mdogo mwenyewe aje aseme, akiwa hajanywa, kwamba mwanaye alikuja kumtoa. Mwenyekiti wa kitongoji anayekuona shambani kila siku naye aje. Andika majina yao leo, kabla akili haijachanganya Jumanne na Jumatano.

Na kwa wengine ambao bado hamjatuhumiwa: nunueni daftari leo. Kila ukiripoti andika tarehe, saa, na umeongea na nani. Mwombe afisa asaini na kwenye daftari lako. Akikataa, usigombane, andika mwenyewe. Ukikuta ofisi imefungwa, usigeuke kimya kama huyu kijana wangu. Piga simu. Isipopokelewa, tuma ujumbe: "Shikamoo afisa, nimefika leo saa tatu asubuhi, ofisi imefungwa, naomba maelekezo." Kisha ingia ofisi ya jirani, hata kama ni ya mtendaji, umwambie aandike kwamba ulifika. Mvua zikishuka upande wa Loya, kule Wembere, njia zinakatika na mtu anaweza kushindwa kufika kabisa. Sawa, toa taarifa siku hiyohiyo. Usisubiri wiki ijayo uje na hadithi, hata kama hadithi ni ya kweli. Ukibadilisha laini ya simu, mpelekee namba mpya. Mtu asiyepatikana kwenye simu huhesabiwa ametoroka, hata kama amekaa nyumbani anamenya karanga.

Jumatatu uende. Umesikia? Uende, tena mapema, umevaa nguo safi, usiende peke yako. Mchukue mtu mzima mwenye heshima, shangazi, mzee wa kanisa au wa msikiti, asiye na mdomo mkali. Ukifika, msalimie afisa kwa adabu yake. Kisha mwambie: "Afisa, nimekuja kama ulivyoniita. Naomba kujua ni siku zipi unasema sikuripoti, na nani aliniona nakunywa." Maswali mawili tu. Usipandishe sauti. Mwenye haki hana haja ya kupiga meza. Huenda akafungua faili akakuta amechanganya wewe na mwenzio mwenye jina kama lako, hayo hutokea. Huenda akasema "nimeambiwa." Basi mjibu kwa utulivu kwamba aliyemwambia aje aseme mahakamani, ukimwona utamwuliza. Maneno ya "nimeambiwa" yanatosha kumfanya afisa achunguze. Kukupeleka gerezani hayatoshi.

Kama kuna moja ambalo ni kweli, sema kweli hilo moja. Labda siku moja hukuripoti kwa sababu mtoto alikuwa anaharisha ukamkimbiza hospitali. Sema. Lete kadi ya kliniki. Msinifanyie ule mtindo wenu wa kukana kila kitu, hata kilicho wazi, kisha uongo mmoja ukigundulika na kweli zako tisa zinakuwa uongo. Njia ya mwongo ni fupi. Lakini usikubali pia lile usilolifanya eti ili yaishe haraka.

Ukipewa karatasi ya kusaini, isome yote. Kama imeandikwa "nakiri" na wewe hukiri, usisaini. Sema tu: "Naomba maelezo yangu yaandikwe kama nilivyoyasema, kisha nitasaini." Nimeona watu waliosaini kwa sababu walikuwa na njaa na basi la mwisho linaondoka. Bora ulale kwa jamaa mjini Tabora usiku mmoja.

Kuna jambo lingine, na hili nalisema nikikutazama machoni. Akitokea mtu, awe afisa, awe mtu anayejifanya anamjua afisa, akakwambia "lete ya soda tuyamalize," usitoe. Najua utashawishika. Utaona elfu hamsini ni ndogo kuliko mwaka gerezani. Lakini kutoa rushwa ni kosa sawasawa na kupokea, chini ya sheria ya 2007, na wewe uliye kwenye probesheni ukikutwa na kosa jipya umejimaliza. Tena aliyekula leo mwezi ujao atasikia njaa tena. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo. Ipige.

Lakini msije mkadhani kila afisa ni adui. Hilo nalo ni kosa letu. Yule mtu ana watu wengi wa kuangalia, vijiji vimetawanyika, usafiri wa shida, na akikosea kumwamini mtu akaenda kuua, lawama ni yake. Wapo maafisa niwajuao waliowatafutia vijana wao kazi, waliosuluhisha ndoa zao, waliosimama mahakamani wakaomba mtu apewe nafasi nyingine. Kazi yenyewe ilianza kwa huruma. Mwaka 1841, huko Boston, Marekani, fundi viatu mmoja aitwaye John Augustus alikuwa mahakamani akamwona mlevi aliyechakaa anangojea kufungwa. Akamwekea dhamana kwa fedha yake, akamchukua, akamkalisha na kumwachisha pombe. Baada ya wiki tatu akamrudisha kwa hakimu, mtu amebadilika hata hatambuliki, akatozwa faini ya senti moja na gharama za kesi. Probesheni imetoka hapo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1907 ikaandika kabisa kwamba kazi ya afisa ni kumshauri mtu wake, kumsaidia na kuwa rafiki yake, na enzi za Mwingereza mambo hayo yakafika kwetu. Leo maafisa hawa wako chini ya Idara ya Huduma za Uangalizi, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kwa hiyo afisa wako anapokutuhumu bila kukusikiliza, unayo haki ya kumkumbusha kwa upole: nisikilize kwanza. Na asipokusikia, ana mkuu wake, na mahakama ina hakimu mfawidhi anayepokea malalamiko. Peleka barua, ubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi.

Ikifika mahakamani, usife moyo mlangoni. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo usisimame kama gogo huku hujaelewa. Sema "Mheshimiwa, sijaelewa, naomba nielezwe." Utasomewa tuhuma, na kama si kweli utasema si kweli. Afisa ataeleza, nawe utapewa nafasi ya kumwuliza. Hapo ndipo lile daftari na ule ujumbe wa bodaboda vinapofanya kazi. Uliza fupi: Je, ulinikuta wewe mwenyewe nikinywa? Je, tarehe ile ofisi yako ilikuwa wazi? Je, ulipokea simu yangu? Kisha waite mashahidi wako. Huna fedha ya wakili? Mwambie hakimu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inampa hakimu nafasi ya kuidhinisha upate msaada akiona haki inataka hivyo na huna uwezo. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaosaidia bila malipo. Ulizia ofisi ya kata au maendeleo ya jamii, usione aibu. Wengi mmesikia ile kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa mwaka 2023, mkaiacha ipite kijijini kwenu mkidhani ni ya wenye kesi za ardhi tu.

Na hata kama, tuseme, hakimu ataona umevunja sharti moja, dunia haijaisha. Sheria haimlazimishi akutupe ndani. Anaweza kukutoza faini na kukuacha uendelee na probesheni yako, au akakupa adhabu kwa lile kosa la kwanza. Hapo ndipo hali yako ya miezi 10 inapokusemea. Mwambie unafanya kazi gani, unalea nani, umefika kuripoti mara ngapi. Ukiona umeonewa, kata rufaa, ila usilale. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya una siku 30. Kutoka ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, ambayo kwetu iko Tabora mjini, unatoa kusudio ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Zihesabu kwa kalenda.

Sasa neno kwenu mlio nyumbani, maana ujumbe kama huu husomwa na wake na mama pia. Msimwongezee. Nawajua, mtaanza: "Lisemwalo lipo." Shemeji atamcheka mezani, jirani atawaita watoto wake waondoke uani kwenu. Mtu anayetuhumiwa na serikali akirudi nyumbani akatuhumiwa na mkewe, huyo ndiye anayekwenda Kaliua. Mdogo wangu mwenyewe, siku ile kabla hajaondoka, alikuja kwangu jioni akakaa kwenye kigoda, akaanza kusema "Dada, kuna jambo." Nilikuwa nimechoka, nikamwambia, "Wewe mambo yako hayaishi." Akanyamaza, akamaliza maji yake, akaaga. Asubuhi hakuwepo. Muuguzi alikuwa bado yupo pale zahanati siku hiyo, umbali wa kutembea kwa mguu. Ningeweza kumpeleka. Neno lile nimelimeza miaka yote hii na halijashuka.

Basi kijana wangu wa mkaa, mpigie mjomba umwambie huji sasa, utakuja ukimaliza miezi yako minane, ukiwa na ruhusa. Kesho nenda kwa karani ukachukue nakala ya amri. Jumapili mpitie baba mdogo mapema kabla hajatoka, mkae, akumbuke siku ile vizuri. Jumatatu saa mbili asubuhi uwe mlangoni kwa afisa. Ukitoka, hata kama umetoka na barua ya wito mkononi, nipigie kabla hujampigia mtu mwingine. Simu nitaiweka karibu. Usiniambie "nimeshindwa kuongea, Dada." Lia kwanza kama unataka kulia, nitasubiri.